Kaimati zilizokuwa zinalowana kabla ya magharibi: kosa langu lilikuwa kwenye shira (uzi mrefu, karibuni)

Mama Nasra wa Shangani

Wapendwa wa jikoni, asalaam aleikum na habari za jioni. Naomba nafasi nieleze kwa kirefu jambo la kaimati (vidonge vya unga wa ngano vya kuchoma kwenye mafuta na kupakwa shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji), maana kila Ramadhani ikikaribia naulizwa swali lile lile: mbona zangu zikitoka karaini zinalia kacha kacha, nikizifunika kidogo tu zimekuwa kama mkate uliomwagikiwa chai? Hata mimi zilinitesa miaka miwili, na hakuna aliyenifundisha dawa yake. Nimeipata kwa kuharibu unga mwingi.

Nianze na lililonikuta. Ramadhani ya mwaka 2025 iliangukia Machi, na huku Mtwara Machi mvua zinakuwa bado hazijakata. Jirani mmoja wa Chikongola aliniagiza kaimati 300 za futari ya kumkumbuka marehemu baba yake. Nikaanza kuchoma saa nane mchana. Saa kumi nimeshamaliza, nimezimwagia shira, nimezijaza kwenye beseni la plastiki na kulikaza mfuniko. Zilikuwa zinang'aa kweli kweli. Beseni likaja kufunguliwa saa kumi na mbili na nusu mbele ya wageni. Chini maji ya sukari kina cha kidole, kaimati zimebonyea, ukiinua moja inakuja na ngozi ya mwenzake. Nilirudisha shilingi 30,000 zote. Pesa niliisahau upesi, lakini sura ya yule mama akiwahimiza wageni wale tende kwanza, ile bado ninayo.

Baada ya Idi nikaanza kuchunguza. Kila nikipata nafasi napika robo kilo tu ya unga, nabadilisha kitu kimoja, vingine naviacha vilevile. Nilikuwa nimeshalaumu hamira, nimelaumu mafuta, nimelaumu hata unga wa duka nililozoea. Vyote havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa sehemu mbili: shira yangu ilikuwa changa, halafu nilizifunika zikiwa na mvuke.

Unga wenyewe nitaupitia haraka, wengi mnaujua. Unga wa ngano nusu kilo. Wanga wa muhogo vijiko viwili vya mezani, huo ndio unaofanya ganda liwe jembamba na gumu (asiye nao aweke unga wa mchele kiasi hicho hicho). Hamira kijiko kimoja cha chai kilichojaa, sukari kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo sana, mtindi vijiko viwili vya mezani. Tui jepesi la vuguvugu kama mililita 450, lakini usilimwage lote kwa mara moja kwa kuwa unga haufanani. Tui liwe la kuweka kidole bila kushtuka. Likiwa la kuunguza, hamira inakufa. Piga kwa mkono, siyo kijiko. Kusanya vidole, chota kutoka chini, pandisha, bwaga, mpaka usikie unga unajibu kwa sauti na ukiuinua unavutika kama utepe kabla ya kukatika. Mimi hupiga dakika kumi na mkono unachoka. Funika, acha uumuke saa moja. Kwa joto letu la Mtwara saa moja ni nyingi, wa Makambako au Njombe huko wangoje zaidi. Ukipitiliza sana unakuwa mchachu na kaimati zinakunywa mafuta.

Mafuta yawe mengi, moto wa wastani. Lowesha mkono wa kushoto, chota unga, kaza ngumi, utokeze katikati ya kidole gumba na cha shahada, uukate kwa kijiko kilicholoweshwa, dondosha. Zikishaelea usiache mkono: zungusha upawa muda wote ili zigeukegeuke, ndiyo maana za wazoefu zina rangi moja pande zote. Nusu kilo inanipa kama 60 hivi.

Sasa shira. Hapa naomba msome taratibu.

Sukari nusu kilo, maji robo lita. Bandika pamoja, koroga mpaka sukari iyeyuke, halafu mwiko uweke pembeni usiurudishe tena. Angalia mapovu. Mwanzo ni madogo madogo, mepesi, yanapasuka haraka kama ya maji ya ugali. Baadaye yanakua, yanakuwa mazito, yanapanda polepole na kuvimba kabla ya kupasuka. Yakifika hapo anza kupima. Chota tone kwa kijiko, lipulize lipoe, libane kati ya kidole gumba na cha shahada kisha uviachanishe. Tone likikatika palepale, bado. Likivuta uzi mfupi kama punje ya mchele, umekaribia. Likivuta uzi unaofika sentimita mbili bila kukatika, epua sasa hivi. Mwenye kipimajoto cha jikoni ataona kiko kati ya nyuzi joto 106 na 112. Mimi napenda nifike 110.

Zamani nilikuwa naepua ikishaanza kunata tu. Kumbe shira ya namna ile bado ina maji mengi, na maji hayo yana sehemu moja tu ya kwenda: kwenye ganda la kaimati, ambalo ni kavu na linayanywa. Shira iliyoiva inakaa juu kama kioo.

Na ndimu. Hili lilinichukua muda mrefu kuligundua. Tunaweka ndimu ili shira isigande chenga. Ni kweli inafanya kazi: ukali wa ndimu ukichemka na sukari unaivunja sehemu yake kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zinazuia chembe za sukari kushikana tena. Mimi nilikuwa nakamua ndimu nzima, wakati mwingine mbili, nikiamini zaidi ni bora. Fruktosi inavuta unyevu wa hewani kuliko sukari ya kawaida. Sasa weka shira hiyo mji wa pwani, mvua inanyesha, hewa imelowa hata chumvi kwenye kikopo inashikana. Kaimati zangu zilikuwa zinakunywa hewa ya Mtwara. Siku hizi kwa nusu kilo ya sukari naweka ndimu nusu kijiko cha chai, basi.

Kaimati zikitoka karaini zichuje mafuta, zipoe dakika kumi. Shira iwe ya moto. Mwaga kaimati kwenye shira, pepeta sufuria mara tano sita zipake zote, uzitoe kwenye sinia kubwa zisigusane. Hapa ndipo watu wanakosa subira. Usifunike! Ziache saa nzima upepo wa kawaida uzipige.

Kisha, badala ya mfuniko, mimi natumia kawa. Nina kawa la ukindu alilosuka bibi yangu Mikindani, limeshapauka rangi na ukingo mmoja umefumuka. Miaka yote lilikuwa limetundikwa ukutani kama pambo. Nililishusha siku moja kwa sababu inzi walikuwa wengi, jioni nikakuta kaimati bado zinalia. Ukindu unapitisha mvuke, plastiki inaurudisha chini. Bibi hakuwahi kunieleza hilo, ila sikumbuki kumwona akifunika kitu cha kuchoma kwa sufuria.

Karibuni kwa maswali, na mnaofanya tofauti nielezeni.

Kijana wa Ligula

Shikamoo mama. Naishi peke yangu, nina mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili. Naweza kutumia beking pauda badala ya hamira nisisubiri saa nzima?

Mama Nasra wa Shangani

Marahaba mwanangu. Unaweza, ila utapata kitu kingine. Ndani zinakuwa kama keki, hazina ule utupu na nyuzi nyuzi, na zikipoa zinakuwa nzito. Kama ni za kula palepale na chai, fanya. Hamira lakini ni pakiti ndogo tu, iko kila duka la mtaani. Changanya unga, nenda kaoge, ukirudi umeumuka. Na kwa sufuria ndogo usizidishe mafuta nusu ya kina chake, kaimati zikiingia mafuta yanapanda.

Fundi Majiko

Naongezea hapo kwa mama, hasa kwa vijana wa gesi. Mafuta yakishika moto usimwagie maji kamwe. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke mara moja na kuyarusha yakiwa yanawaka. Zima gesi, funika sufuria kwa mfuniko wake, usiiguse mpaka ipoe. Nimeshaona jiko la mtu dari lote jeusi kwa kikombe kimoja cha maji. Mfuniko uwe karibu na mkono kabla hujaanza kuchoma.

Bi Mkubwa Mingoyo

Wanangu nawasalimu kutoka Lindi. Mama Nasra umesema vizuri, ila nina neno kwenye tui. Unasema tui jepesi. Sisi kaimati tunazikandia tui la kwanza, zito, lile linalotoka kwenye kifumbu kabla hujaongeza maji. Ladha ya nazi isipokuwepo hiyo ni kaimati ya nini? Watoto wa siku hizi wananunua nazi ya pakiti kisha wanashangaa hainukii.

Mama Nasra wa Shangani

Shikamoo Bi Mkubwa. Sikatai ladha, tui zito linanukia nyumba nzima. Niliacha kwa sababu mbili. Mafuta ya tui yanaulemea unga, unaumuka kwa shida, na nje zinageuka rangi haraka kabla ndani hazijaiva. Kwa nyumbani, za kula wakati huo huo, nakubali tui zito. Za kuagizwa zinazokaa saa tatu nne, hapana.

Bi Mkubwa Mingoyo

Marahaba. Basi fanya hivi, mwanangu. Nusu tui zito, nusu maji, na hamira uitangulize kwenye maji peke yake na sukari kidogo mpaka itoe povu, ndipo uchanganye. Na moto upunguze, kuni mbili tu. Mimi nachoma za kuagizwa hivyo na hazijawahi kunirudi.

Mama Nasra wa Shangani

Nimelipokea. Hamira kuitanguliza kwenye maji sikuwahi kufanya, huwa nachanganya kavu. Nitajaribu Ijumaa kwa robo kilo.

Mwenda Tandahimba

Huo wanga wa muhogo hapa mjini unapatikana wapi? Nimeuliza sokoni naambiwa unga wa makopa tu.

Mama Nasra wa Shangani

Unga wa makopa usiweke, ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa, una nyuzi zake na rangi inakuwa kijivu. Wanga tengeneza mwenyewe, huku kusini muhogo si wa kutafuta. Chukua muhogo mtamu, ule wa kutafuna mbichi, menya, uoshe, uukwangue kwa kikwaruzo. Tia maji mengi, fikicha, chuja kwa kitambaa. Maji meupe yanayotoka yaache yatulie saa tatu nne. Utakuta chini kumeganda kitu cheupe kigumu, ukikigonga kwa ukucha kinalia kama chaki. Mwaga maji ya juu, tia mengine safi, vuruga, acha utuame tena, mwaga. Anika juani mpaka ukauke kabisa, kisha ufikiche na kuuchekecha. Muhogo kilo mbili unakupa wa kutosha miezi. Mashudu yaliyobaki kwenye kitambaa mimi nawapa kuku wa jirani baada ya kuyakausha.

Mtoto wa Newala

Dada, naomba uhamie kwenye visheti. Vyangu vinatoka vizuri, ila sukari haigandi nyeupe. Vinabaki vinanata vidoleni siku nzima. Naweka ndimu kwenye shira kama ulivyosema.

Mama Nasra wa Shangani

Mdogo wangu, hapo umeshajijibu. Ndimu itoe. Kaimati unataka shira ibaki kioo, visheti unataka igande nyeupe, na ndimu ndiyo inayozuia kuganda. Kwa visheti vya unga nusu kilo (mimi natia samli gramu 100, nafikicha na unga mpaka uwe kama mchanga mbichi, ndipo nakanda na maziwa na iliki), chukua sukari gramu 300 na maji nusu kikombe. Ichemke mpaka ipite ule uzi: tone ukilidondosha kwenye maji baridi liwe kidonge laini unachoweza kukifinyanga. Epua, mwagia visheti vilivyopoa, halafu sasa ndiyo ukoroge. Kwenye kaimati nimesema mwiko usirudi. Kwenye visheti mwiko ndio unaofanya kazi. Geuza geuza bila kupumzika. Dakika ya kwanza vinanata, ya pili vinakuwa vizito mkono unauma, ghafla unasikia sauti inabadilika, vinaanza kugongana kama mawe madogo na sukari inakuwa nyeupe mbele ya macho yako. Ukiacha kukoroga kabla ya hapo ndiyo unabaki na kunata.

Mtoto wa Newala

Kumbe! Nilikuwa naepuka kukoroga nikidhani vitavunjika. Asante sana dada.

Mchoma Mara Mbili

Mimi sikubaliani na mleta uzi kuwa kosa lote ni shira. Kaimati inalainika kwa maji yaliyomo ndani yake pia. Nachoma mara mbili: ya kwanza mpaka iwe rangi ya maziwa ya chai, natoa zote, zinapoa robo saa, ya pili mafuta yakiwa moto zaidi mpaka kahawia. Zinakaa mpaka usiku hata kwa shira ya kawaida. Jaribu kabla ya kukataa.

Mama Nasra wa Shangani

Sikatai kaka, nimejaribu na una haki: mchomo wa pili unatoa unyevu uliohamia kwenye ganda wakati zinapoa, ganda linakuwa nene. Kwangu zilikaa kavu hadi saa mbili usiku. Ila zilipoteza ule wembamba, zikawa ngumu kwa wazee wasio na meno mazuri, na futarini wazee ndio wa kwanza kuhudumiwa. Kwa biashara ya kubebwa mbali, mathalani kupeleka Masasi kwa basi, mchomo wa pili na shira iliyoiva pamoja ndiyo njia. Nimekosea kuandika kana kwamba shira ni yote.

Mchoma Mara Mbili

Tumeelewana. Kuhusu wazee sikuwa nimelifikiria.

Msafiri wa Maskati

Nimeishi Oman miaka sita. Kule wanaziita luqaimat, maana yake matonge madogo, na ni za futari vilevile. Wengi wanamwagia shira ya tende na ufuta juu wakati wa kula, hawazizamishi mapema. Kwa hiyo tatizo la kulowana halipo kabisa. Wanaopika kwa wageni wengi wanaweza kupeleka kaimati kavu na shira kwenye chupa.

Mama Nasra wa Shangani

Hili ni wazo zuri kwa msimu wa mvua. Wateja wangu wa hapa wanataka wazione zimeshang'aa, lakini kwa msibani au khitma kubwa nitawashauri hivyo. Na badala ya ufuta nitajaribu korosho zilizovunjika, nizikaange kidogo na kuzitwanga. Tuko Mtwara, korosho tusipozitumia sisi nani azitumie.

Kijana wa Ligula

Mama nimerudi. Nimepika jana na hamira. Kaimati zimetoka nzuri, siyo za mviringo zote, nyingine zina mkia. Ndani zina utupu kama ulivyosema. Ila shira imenishinda: nilikuwa nasubiri uzi, nikaenda kupokea simu, nikarudi nikamwagia. Baada ya dakika tano zimeshikana zote kama jiwe moja na sufuria ina sukari ngumu chini.

Mama Nasra wa Shangani

Hongera kwa unga, mikia itaondoka ukizoea kukata kwa kijiko kilicholowa. Shira imepitiliza, dakika mbili tu zinatosha kuipitisha. Ikikutokea tena kabla hujamwagia, tia vijiko viwili vya mezani vya maji, rudisha moto mdogo, itayeyuka, upime uzi upya. Ya sufuria usikwangue kwa kisu. Jaza maji, chemsha, sukari yote itatoka, na maji hayo weka kwenye chai au upikie uji. Zilizoshikana ziweke kwenye sinia juu ya sufuria yenye maji yanayochemka dakika chache, utazitenganisha kwa mkono ukiwa umepaka mafuta.

Kijana wa Ligula

Nimezitenganisha, 41 zimepona. Wapangaji wenzangu wamezimaliza kabla sijapiga picha. Jumamosi narudia, simu naiacha chumbani.

Bi Mkubwa Mingoyo

Mama Nasra, Ijumaa imepita. Tui limekujibu nini?

Mama Nasra wa Shangani

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimefanya nusu kwa nusu, hamira nikaitanguliza kwenye maji ya vuguvugu, ikatoa povu dakika kumi. Unga uliumuka juu kuliko wangu wa kila siku. Nimechoma saa tisa alasiri, nikafunika kwa kawa, saa moja usiku Nasra kamaliza ya mwisho na ilikuwa bado inalia. Harufu ya nazi ilifika hadi barazani. Nabadilisha kipimo changu kuanzia leo: tui zito mililita 225, maji mililita 225.